Njoo Kesho

Mnafungua vikao kwa sala, mnavifunga kwa sala, na katikati mnaiba. Sisemi fedha. Mhazini wenu ni mwaminifu na vitabu vyake vimekaguliwa. Mnaiba saa. Mlimwita mtu saa tisa mkafika saa kumi na moja, na hakuna hata mmoja wenu aliyeona haja ya kumwomba radhi, kwa sababu aliyesubiri mnamjua ni mtu wa kusubiri.

Kila Januari makanisa yetu hufanya semina za matumizi ya muda. Mwalimu hushika kipaza sauti akawaambia vijana waamke mapema, waandike malengo, waache kuperuzi simu usiku kucha, wasishinde kijiweni wakijaza mikeka ya kamari kwa timu za Ulaya ambazo hata uwanja wao hawaujui. Kweli tupu, wala sina la kuongeza. Lakini semina hizo zote zinahesabu muda wa mtu mmoja: wako. Utunze, utajenga, utunze, utanunua gari. Sijasikia hata moja ikimuuliza mshiriki amekula muda wa nani. Ndiyo maana mwalimu mwenyewe alifika saa moja na nusu baada ya saa iliyoandikwa kwenye bango, na hakuna aliyecheka.

Mithali sura ya tatu inamkataza mtu kumwambia jirani yake aende zake arudi kesho, ilhali kile anachokifuata anacho pale pale. Lisomeni andiko hilo taratibu. Aliyekatazwa hapo hakukusudia kudhulumu. Jirani atapewa chake, kesho atapewa. Kosa lililoandikwa ni hiyo kesho yenyewe. Haya, sasa hesabuni mmewaambia wangapi "njoo kesho" mwezi huu. Fundi cherehani aliyepokea vitambaa vya sare za kwaya, akala na kianzio, kila ukipita anakuonyesha shati la mtu mwingine. Mzee wa kanisa mwenye barua ya utambulisho ambayo inasubiri saini tu. Karani aliyekalia cheti cha mtoto wa watu, muhuri uko kwenye droo, kidau cha wino kiko wazi, na mama aliyetoka Mkuranga kwa nauli ya kukopa anaambiwa mhusika katoka. Mhusika hajatoka. Mhusika yuko chumba cha pili anakunywa chai na chapati. Na Jumapili mhusika huyo huyo atasimama mlangoni mwa kanisa akiwa na tai, anawapa watu mkono.

Mkiulizwa, mnacheka mnasema: saa za Kiafrika.

Acheni kuwasingizia wazee wenu. Mvuvi wa Pemba hachelewi maji. Anazijua siku za bamvua na siku za maji mafu, anaijua saa ambayo ngalawa itaelea na saa ambayo italala mchangani, na bahari haijawahi kumngojea kwa kuwa alikuwa na udhuru. Nahodha wa jahazi aliyeshuka na kaskazi kutoka Arabuni alijua kusi itaanza lini kumrudisha kwao, na aliyezubaa bandarini alikaa miezi akila akiba yake. Mkulima wa Dodoma ana msimu mmoja tu wa mvua. Wiki ya kupanda ikimpita, mwaka mzima umempita. Hata saa zenyewe tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua halituchezei sana kati ya Januari na Julai. Ni hesabu ile ile iliyomo kwenye Injili. Marko anaposema Bwana alisulubiwa saa tatu, na giza likatanda tangu saa sita hata saa tisa, msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani, anainua macho kwenye saa ya ukutani. Watu wenye urithi wa namna hiyo ndio mnaowaambia wageni kuwa hawajui muda?

Tena ninyi mnaujua muda vizuri kupita kiasi. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, Juni 2024, sijamwona mzee wa kanisa akiiambia ile treni saa za Kiafrika. Mnafika stesheni mapema, tiketi mkononi, chupa ya maji kwapani. Boti ya Zanzibar mnaiwahi. Usaili wa viza mnaamkia getini kabla mlinzi hajabadilishana zamu. Meneja wa benki akisema saa mbili, mko kwenye ngazi saa mbili kasoro robo. Basi tatizo lenu si saa. Tatizo ni nani anayewangoja. Anayeweza kuwafungia mlango mnamwahi. Asiye na mlango ndiye anayekaa kwenye benchi hadi jua linahama upande.

Amosi, yule mchungaji wa kondoo wa Tekoa, aliwakuta watu wa aina yenu. Walikuwa makini ajabu na kalenda. Walikuwa wanaulizana mwandamo wa mwezi utakwisha lini na Sabato itapita lini, wapate kufungua maghala, wapunguze kipimo, waongeze bei, na kumnunua fukara kwa thamani ya jozi ya viatu. Hakuna aliyechelewa kati yao. Mungu aliapa kwamba hatayasahau matendo yao kamwe.

Nendeni kwenye mahafali ya darasa la saba, shule yoyote, hata ya kanisa. Hasa ya kanisa. Mwaliko unasema saa nne asubuhi. Watoto wamepangwa tangu saa mbili, mashati yamepigwa pasi ya mkaa, wengine viatu wameazimwa na kaka zao vimewabana. Turubai moja lipo, limefunika meza kuu, yenye kitambaa cha bluu, maua ya plastiki na maji ya chupa yaliyopangwa kwa mstari. Watoto wako nje ya turubai. Kwaya imekwisha kuanza wimbo wa kumkaribisha mgeni mara kadhaa, kila pikipiki au gari linapotimua vumbi barabarani, na kila mara mwalimu wa nidhamu anawanyamazisha: bado. Kreti za soda na maboksi ya biskuti vimefungiwa ofisini, kwa maana haifai watoto wanywe kabla mgeni rasmi hajawasili. Saa sita mtoto wa kike wa mstari wa pili anaanguka. Wanambeba hadi chini ya mwembe, wanampepea kwa daftari. Hakuna anayekwenda kufungua ofisi.

Saa saba na nusu gari linaingia. Mgeni rasmi anashuka akiongea na simu. Akipewa kipaza sauti anasema alitingwa na majukumu, na wazazi wanapiga makofi. Wanapiga makofi! Halafu anafungua hotuba aliyoandikiwa, na ukurasa wa pili unawausia watoto kutunza muda kwa kuwa muda ni mali. Mara nyingi mno mtu huyo amevaa kola ya kichungaji.

Basi nanyi wachungaji, sikieni. Mmetangaza ibada ya kwanza saa moja asubuhi, mnaianza saa mbili kasorobo mkisubiri watu waje, na waliokuja saa moja mmewafundisha kwamba wao si watu. Mnahubiri, mnasema "namalizia", mnafungua andiko jingine. Matangazo mafupi yanakwenda nusu saa. Nje kuna mnada, jogoo mmoja na mkungu wa ndizi, na mnawashikilia waumini hadi jogoo apande bei mara tano. Kwa mwenye gari na friji iliyojaa nyumbani hiyo ni burudani, na sina chuki na mnada, nimekula kuku wake. Lakini kwenye benchi la nyuma yuko muuza mchicha ambaye mchicha wake unanyauka kwenye beseni alilolificha nyuma ya choo. Yuko nesi ambaye mwenzake wa usiku hawezi kuondoka hadi yeye afike. Yuko mlinzi aliyetoka lindo alfajiri akapitiliza kanisani bila kulala, naye amesinzia, nanyi mmemkaripia kutoka madhabahuni. Mtanitajia Paulo kule Troa, aliyehubiri hadi usiku wa manane. Ni kweli, na kijana Eutiko alilemewa na usingizi akaanguka kutoka ghorofa ya tatu, wakamwokota amekufa. Paulo alishuka akamrudishia uhai. Asiyeweza hilo la pili asiige la kwanza.

Harusi zenu nizipite haraka, maana kila mtu anazijua. Vikao miezi mitatu, kadi inasema saa kumi na mbili jioni, maharusi wanaingia ukumbini saa tatu na nusu, na MC anatania kwamba tuko ndani ya muda. Wahudumu waliosimama na trei tangu mchana wamelipwa kwa siku, si kwa saa, na watarudi Mbagala saa nane usiku mmoja mmoja kwa bodaboda. Hakuna kamati iliyowahi kuweka nauli yao kwenye bajeti, lakini keki ya ngazi saba ilijadiliwa vikao viwili.

Wapo wenye Biblia kichwani watakaonijibu kwamba Mungu hana haraka, kwake miaka elfu ni kama siku ya jana iliyokwisha pita. Limo, Zaburi ya 90. Msiifunge Zaburi hapo. Mistari michache mbele, sala hiyo hiyo ya Musa inataja miaka ya mwanadamu: sabini, na mwenye nguvu themanini, na sehemu yake kubwa ni taabu. Elfu ni za Mungu. Mmechukua elfu zake mkazitumia kula sabini za jirani yenu. Na huyo jirani wala hana uhakika wa sabini. Kwenye sukari yake na presha yake, na foleni ya zahanati anayoamkia kabla jogoo hajawika, huenda amebakiza sita. Asubuhi nzima mliyomweka kwenye benchi imetoka humo.

Wengine watanikumbusha kwamba Yesu mwenyewe alichelewa. Naam, alichelewa kwa Yairo, na hadithi hiyo ndiyo inayowahukumu. Yairo alikuwa mkuu wa sinagogi, mtu mwenye jina, binti yake yuko kufani, na umati wote unakimbilia kwake. Njiani Yesu akasimama. Akasimama kwa ajili ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga, ambaye hakuthubutu hata kuomba miadi. Akamtafuta, akamsikiliza hadi mwisho, mkuu wa sinagogi amesimama pembeni anangoja. Mnaona mlivyoigeuza? Kwenu mwanamke ndiye anayengoja, miaka kumi na miwili, hadi mkuu wa sinagogi amalize chai. Kama mmechelewa kikao kwa kuwa mlimkuta mtu kagongwa na bodaboda mkamkimbiza hospitali, sina ugomvi nanyi. Kuhani na Mlawi wa njia ya Yeriko yawezekana walifika walikokuwa wakienda mapema kabisa. Siwaiti muiabudu saa. Nauliza mnamngojesha nani kwa ajili ya nani.

Sasa ingieni ndani mwenu, maana uovu huu umekaa kitako huko. Jikoni yuko binti. Mmemtoa Singida au Iringa, mkamwahidi mama yake kwamba mtamlea kama mwanenu. Anaamka saa kumi na moja kuchemsha maji ya watoto wa shule, na analala baba akishamaliza kutazama mpira na sahani yake ikishaoshwa. Kati ya hapo hana saa hata moja anayoweza kuiita yake. Jumapili mnavaa vitenge vya sare mnakwenda ibadani, yeye anabaki na mtoto mchanga na sufuria la wali kwa sababu kuna mgeni. Ijumaa mna mkesha. Naye anakesha, anabembeleza mtoto wenu. Amri ya Sabato mnaikariri nusu, mnaishia kwenye kuitakasa siku. Endeleeni. Kutoka 20 inamtaja mtumwa na mjakazi, inataja hadi mnyama wa kufugwa, na Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu: wapate kupumzika kama wewe. Punda wa Israeli alikuwa na siku yake ya mapumziko. Binti wa Singida hana.

Na mshahara wake? Tarehe tano anakuja mlangoni mwa sebule, anasimama nusu ndani nusu nje.

"Mama, samahani. Nilikuwa naomba ile hela, bibi anaumwa."

"Vumilia mwanangu, baba hajapokea."

Baba alipokea tarehe ishirini na tano. Hela ilikwenda kwenye mchango wa harusi, kwa kuwa mwenyekiti wa kamati alisema majina ya waliokamilisha ahadi yatasomwa, na jina la familia lilitakiwa lisomwe mapema. Kwa kamati mliwahi. Torati ilikataa kumpa mwajiri hata usiku mmoja: Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hadi asubuhi, na Kumbukumbu 24 inataka alipwe siku ile ile kabla jua halijatua, kwa kuwa ni maskini na moyo wake uko kwenye ujira huo. Usiku mmoja tu, na Musa ameuita dhambi. Ninyi mnakwenda wiki tatu, mnakwenda miezi miwili, na mnaiita akiba: "nakutunzia, usije ukachezea". Yakobo anasema ujira uliozuiliwa una sauti, na kilio cha waliovuna kimekwisha kuingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mnaposimama kusifu, kuna sauti nyingine inayopanda kutoka jikoni kwenu, na yenyewe haihitaji kipaza sauti.

Watu wa Uamsho, ule uliowaka Gahini huko Rwanda miaka ya 1930, ukapita Uganda, ukaingia Bukoba na Kenya, walikuwa na desturi moja mliyoiacha mkabaki na nyimbo zao. Mtu akiokoka alirudisha. Alibeba jembe aliloliiba akalipeleka kwa mwenyewe mchana kweupe. Aliyedokoa mali ya mwajiri wake alikwenda kukiri na kuilipa. Walijifunza kwa Zakayo, ambaye hakuanza na ushuhuda, alianza na hesabu: mara nne. Jembe linarudishika. Alhamisi ya yule mama wa Mkuranga hairudishiki, na hapo ndipo mlipo pabaya kuliko mwizi wa jembe. Kinachobaki ni kumlipa nauli yake, na kibarua alichokikosa, na kumwomba radhi mbele ya wale waliomwona akirudishwa. Mtaona aibu. Yeye aliona aibu mara mbili, siku aliyorudishwa na siku aliyorudi.

Jumapili hii saa ikifika, anzeni. Wakiwa watatu, anzeni na watatu. Bwana aliahidi kuwapo penye wawili au watatu, hakuweka sharti kwamba kwaya ya vijana iwe imetimia. Mgeni rasmi asipofika, mwalimu mkuu agawe vyeti, na zile kreti zifunguliwe. Barua ya kusaini isainiwe mwenyewe akiwa amesimama hapo mbele yako. Kitambaa ambacho hutakishona wiki hii, usikipokee.

Na wewe uliyesoma hadi hapa ukiwa umekaa sebuleni, na sauti ya vyombo inatoka jikoni, na mshahara wa mwezi uliopita bado umo kwenye simu hiyo hiyo uliyoishika: jua halijatua bado. Mtumie sasa. Tuma na ya kutolea.